Nimekuja Kuchukua Mlango Wangu

Watu wenye heshima zao huchagua siku ya utulivu kwenda kuchukua vitu vyao. Mimi nilichagua Jumamosi ile ambayo shangazi wa Lillian alikuwa anakuja kuona nyumba atakamoolewa binti yao. Niliichagua kwa makusudi, na hata leo sijutii.

"Gisèle, tungekuja Jumatatu," Kabanda aliniambia, mikono kwenye usukani wa pikapu yake ya kubebea mahindi. "Leo kule kuko bageni."

"Ni juu ya ile niko naenda leo."

"Na unataka kubeba nini? Tangu Nakivale unaniambia kitu, kitu."

"Mlango."

Aligeuka akanikodolea macho mpaka nikamwambia atazame barabara.

"Mlango wa nani?"

"Wangu. Nichukue mlango wangu, na Eriya apate haya mbele ya batu bote, sawa vile mimi nilipata. Basi. Kisha unirudishe kwa papa."

Kabanda akatikisa kichwa. Ni jirani yetu kule Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, anatujua tangu tulipotoka Kivu, na anajua kwamba nikikasirika mimi sishikiki.

Sasa ngoja niwaambie huo mlango ulifikaje pale, maana mtasema nina wazimu.

Nilishuka Mbarara mwaka 2010 na furushi la vitenge kichwani, nikapanga chumba nyuma ya kambi ya jeshi, kwa Mama Eriya. Jina lake ni Yayeri, mjane wa sajini, na marehemu alimwachia vyumba sita vilivyopangwa mstari mmoja. Waganda chumba cha namna hiyo wanakiita muzigo. Changu kilikuwa na sakafu ya vumbi, kuta nyeusi kwa moshi, na kipande cha bati kilichofungwa kwa waya ndicho walichokiita mlango. Lakini kilikuwa rahisi, nami nilikipenda.

Kosa langu lilikuwa kosa la mtu wa Nakivale. Kwetu kule ardhi ni ya serikali, lakini kile ulichokiweka juu yake kwa mikono yako ni chako: mabati yako, migomba yako, mlango wako. Mtu akihama anang'oa mlango wake, anautia kichwani, anaenda zake, na hakuna anayemuuliza. Nani aliniambia kwamba mjini mambo ni kinyume? Nilimwaga simenti. Nilipaka ukuta rangi ya buluu. Nilitandaza kitenge juu kikawa dari, nikapanda maua mlangoni. Mama Eriya alitabasamu kila nilipopigilia msumari, akaanza kuleta watu waje kutazama. "Hivi ndivyo nyumba zangu ziko," akiwaambia, na mimi nimesimama pale pale na brashi mkononi!

Kisha mji ukafura. Wanafunzi wa chuo kikuu wakajaa, kodi za mtaa wa Kamukuzi zikapanda, na waliokuwa wakikaa Kamukuzi wakateremka kutafuta nafasi kwetu. Mama Eriya akapandisha kodi yangu kwanza, kwa kuwa chumba changu ni kizuri, halafu akapandisha ya kila mtu, kwa kuwa vyumba vyote viko mstari mmoja na changu. Majirani wakaacha kunisalimia. Mama Bob, mke wa askari, aliyekuwa chumba cha pili, akaniambia wazi bombani, "Simenti yako imetuponza, nyabo. Sasa watoto wangu nawalaza wapi?" Fadhila za punda ni mateke.

Na mlango? Mlango aliutengeneza Eriya, mwana wa pekee wa Yayeri. Ni seremala. Mbao nilinunua mimi, kazi aliifanya yeye. Lile bati lilikuwa fupi, na mimi ni mrefu kama baba yangu, kwa hiyo kila nilipoingia niligonga kipaji cha uso. Siku ya kupima alinisimamisha katikati ya fremu.

"Simama sawasawa," alisema.

"Nimesimama."

"Tazama mbele."

"Mbele kuko weye."

Penseli ikamponyoka. Aliiokota, akaweka kiganja chake juu ya nywele zangu, akaongeza kiganja cha pili juu ya kile cha kwanza, akatia alama. Mkono wake ulinuka mbao mbichi. Nilitamani asiuondoe.

"Mimi nataka wewe ingia bila kuinama," alisema kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. "Hii nyumba, wewe hapana inama."

"Na nyumba zingine?"

"Hata hizo zingine."

Jamani! Niambieni, mwanamke gani angebaki na moyo wake kifuani? Tangu siku ile alipita jioni baada ya kazi, tukakaa kizingitini tukila karanga, na alinitazama mpaka nikasahau nilichokuwa nasema. Hakujua kusema "nakupenda". Alisema, "Mimi napenda wewe," hivyo hivyo, maneno yote matatu yamesimama peke yake, nami nilimcheka, kisha nikilala niliyarudia.

Mama yake alipojua, hakunitukana. Alipandisha kodi. Mwezi uliofuata akapandisha tena, yangu peke yangu. Na aliyetumwa kuniambia ni nani? Eriya huyo huyo. Alikuja kwenye mlango alioutengeneza kwa mikono yake, akagonga, akabaki nje.

"Mama nasema bei mpya."

"Nasikia. Na weye, unasema nini?"

"Gisèle..."

"Niko nakuuliza weye, si mama yako."

"Mama amesema wewe ni mukimbizi. Hapana ng'ombe, hapana ukoo. Anasema mutu wa kambi atarudi kwao siku moja, ataacha mimi."

"Na weye unasema nini?"

Akatazama viatu vyake. Wapangaji wote walikuwa wametoka nje wakitusikiliza. Niliondoka siku ile ile na furushi langu, kwa miguu hadi stendi, na kwa ile hasira mlango nikauacha.

Huo ndio mlango niliourudia, niliposikia Mama Eriya amemtafutia mwanawe mchumba, huyo Lillian.

Kabanda aliegesha pikapu barabarani. Niliingia uani na bisibisi ndani ya mkoba, nimevaa kitenge changu cha kwenda kanisani, maana kulipiza kisasi na nguo chafu ni kujidhalilisha. Chumba changu kilikuwa kimegeuzwa sebule ya bwana harusi. Shangazi wa Lillian, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyetoka Bwizibwera ambako kaka yake anauza maziwa, alikuwa ameketi na bilauri ya maziwa mkononi. Walikuwa wakisema Kinyankore, nami sokoni nilijifunza cha kutosha.

"Rangi ni nzuri," shangazi alisema. "Nani alipaka?"

"Mwanangu," Mama Eriya akajibu, tena bila kupepesa. "Rangi, simenti, huo mlango, yote kafanya yeye. Anamngojea Lillian."

Nikasema kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama pale pale mlangoni, "Bwana asifiwe, Mama Eriya."

Bilauri ya maziwa ikasimama njiani. Na nyuma ya kiti, chupa ya chai mkononi, alikuwa Eriya. Alikuwa amekonda. Macho yetu yakakutana, na nawaambieni ukweli, moyo wangu ulinisaliti, uliruka kama mjinga. Nikaufokea kimyakimya.

"Wewe nakuja tafuta nini hapa?" Mama Eriya akauliza, na sasa naye alikuwa kwenye Kiswahili cha kambini.

"Mlango wangu."

"Mlango gani? Hii nyumba ni yangu!"

"Nyumba ni yako, mama, nani anakataa? Ukuta ni wako. Udongo ni wako. Mlango ni wangu, mbao nilinunua mie. Kwetu mutu akihama, anahama na mlango wake."

"Kwenu ni wapi? Huko kwa mahema?"

"Huko huko kwa mahema. Lakini kule hatusemi kitu cha mutu ni cha mutoto wetu."

Shangazi akaweka bilauri chini. Alimtazama Mama Eriya, akanitazama mimi, kisha akageuka polepole na miwani yake yote kwa Eriya.

"Kijana, mlango ni wa nani?"

Wapangaji walikuwa wametoka, Mama Bob mbele yao na sufuria kiunoni.

"Ni wa huyu," Eriya alisema.

"Na huyu ni nani kwako?"

Neno moja tu lilitosha. Laiti angelitamka wakati ule, ningeitupa ile bisibisi kwenye maua na kumsamehe kila kitu. Akafungua mdomo. Mama yake akasema, "Eriya," taratibu tu, kama anavyoitwa mtoto aliyekaribia moto. Akaufunga mdomo.

Basi nami ndani yangu kitu kikajifunga. Nikatoa bisibisi, nikamnyooshea.

"Ulifunga weye. Fungua weye."

"Gisèle, bambi, tafadhali, pole pole..."

"Fungua, Eriya. Ao unataka nibomoe?"

Akaweka chupa chini. Akapiga magoti kwenye bawaba ya chini, akaanza kuzungusha skrubu. Mama yake alipiga kelele, "Mama wee! Mama wee! Hapana gusa!" lakini yeye alizungusha tu, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Nilisimama juu yake nikitazama shingo ile niliyokuwa nikiifuta vumbi la mbao jioni. Nilifurahi. Niliumia pia, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi, siwezi kuwadanganya.

Mlango ukatoka. Mwanga wa mchana ukaingia sebuleni ukamulika kila kitu, makochi ya kuazima na kitambaa cha mezani kilichokuwa bado kimebandikwa bei.

"Na simenti je?" Mama Bob akapaza sauti. "Gisèle, ng'oa na simenti, bambi! Labda kodi yetu itashuka!"

Uani wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu nihame.

Shangazi wa Lillian akainuka, akajifunga vizuri suka, ile shuka yake ya begani. "Yayeri, asante kwa maziwa," alisema. "Nitawaambia kaka zangu nilichokiona. Sisi hatuozi binti kwenye nyumba isiyo na mlango." Akapita pale penye uwazi bila hata kugeuka.

"Beba," nikamwambia Eriya.

Aliutia mlango kichwani. Ndiyo, mwana wa sajini, Munyankore mwenye ng'ombe za urithi kwao Isingiro, alibeba mlango wa mkimbizi kichwani mbele ya mama yake, akapita mbele ya wapangaji wote mpaka barabarani. Akaulaza kwenye pikapu juu ya magunia, akaufunga kamba. Halafu akabaki ameshika ubavu wa gari.

"Gisèle, mimi nakuja na wewe."

"Rudi kwanza pale uani. Yule mama wa miwani alikuuliza mie ni nani kwako, na mama yako akakufunga mdomo. Jibu mbele ya mama yako. Bapangaji bako pale bangali banangoja. Sema, kisha upande gari."

Alitazama nyuma. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya uwazi wa chumba, mikono kichwani. Eriya akamtazama, akanitazama, akatazama viatu.

"Kabanda," nikasema, "twende."

Nililia tangu tulipoacha lami hadi migomba ya Isingiro. Kabanda alinipa kitambaa chake cha kufutia kioo, chenye mafuta, nikakitumia hivyo hivyo.

Nyumbani, baba yangu Appolinaire aliupima mlango kwa macho. "Mulango ni ya muzuri," alisema. "Lakini hauingii." Ni kweli. Nyumba yetu ya udongo ni fupi kama nyumba zote za Nyu Kongo, mtaa wetu pale Nakivale, kila mtu anaingia ameinama. Mlango ukaegemezwa ukutani nje, nasi tukaendelea na pazia la turubai.

"Na ule kijana?" baba aliuliza.

"Amebakia kwa mama yake."

"Nilikuambia. Mwanaume asiye na kinywa, ata akujengee gorofa, utalala inje."

Siku ya Bwana ya juma lililofuata mchungaji alihubiri kusamehe saba mara sabini. Nilifunga Biblia kabla hajamaliza. Tulipotoka kanisani, tukakuta mtu ameketi kwenye kivuli cha nyumba yetu, na sanduku la zana magotini. Msumeno ulikuwa unachomoza.

Baba akanitazama. "Bibliya umefunga haraka sana leo," alisema, akaenda kukaa kwa jirani, karibu vya kutosha kusikia kila neno.

"Wewe habari," Eriya alisema.

"Nzuri. Umepotea njia?"

"Hapana. Jana mimi nilisimama uani. Niliita bapangaji yote, niliita Mama. Nikasema, huyu ni Gisèle, mimi napenda yeye, nyumba hii yeye ndiye alitengeneza, na mimi naenda Nakivale. Mama alilia. Mama Bob alipiga vigelegele."

Nilishika turubai la mlangoni, nikajifanya nalinyoosha.

"Umechelewa," nikasema.

"Najua."

"Siku ile nilikungoja kwa barabara na gari inawaka."

"Najua, Gisèle. Mimi nilikuwa muoga. Sasa nimekuja kuweka mlango." Aliinuka, akapima uwazi wa nyumba kwa kiganja, akatabasamu kidogo. "Iko chini sana. Nitapandisha ukuta, naweka fremu mpya. Wewe hapana inama. Mimi niliahidi."

Alinitazama kama siku ile ya penseli. Upepo ulileta vumbi na harufu ya ndizi za kuchoma, na mimi nilimpenda, Mungu wangu, nilimpenda mpaka kooni. Lakini nilimkumbuka Yayeri akisema mbele yangu, *rangi, simenti, huo mlango, yote kafanya yeye*. Nikakumbuka furushi langu, na wapangaji wakinitazama nikitoka.

"Usiguse ukuta," nikasema. "Kata mlango."

Akadhani hakusikia vizuri. "Kata?"

"Kata mpaka uingie kwa nyumba ya papa vile iko."

"Lakini hii ni kipimo yako!"

"Ni kipimo changu, nakijua. Siku moja mama yako atakuja hapa kuniomba kwa papa yangu. Ndiyo, atakuja, maana bila yeye sitoki hapa. Na siku ile nataka aingie ameinama."

Kwa jirani, baba alikohoa.

"Na wewe je?" Eriya aliuliza. "Wewe utainama kila siku."

"Mie nimezoea. Yeye bado."

Alilaza mlango juu ya mawe mawili. Alipiga mstari kwa penseli, kisha akashika msumeno. Nilisimama nikitazama mbao zile nzuri zikikatwa, na kila msumeno ulipokwenda na kurudi nilihisi kama unapita kwangu, lakini sikusema acha. Kipande kikaanguka mavumbini, viganja viwili na zaidi. Yeye alipangusa macho kwa mkono wa shati akasema ni vumbi la mbao.

Aliufunga ule mlango mpaka jua likaanza kupoa. Mimi nilichukua kile kipande, nikakipasua kwa shoka, nikawasha moto, nikampikia maharage na ugali wa muhogo. Alikula sahani mbili, ameketi kizingitini, na mimi nimeketi kando yake, bega langu likigusa lake. Sikulisogeza.

"Gisèle," alisema, "kama Mama anakataa kuja?"

Nilinawa mikono, nikainuka, nikainama kuingia ndani.

"Basi weye utabaki inje, mlango uko na komeo," nikamjibu. "Weye mwenyewe ulilitengeneza, unajua vile linashika."